Kocha Anapoteza Kila Jumamosi: Kumvumilia, Kumbana au Kumtimua?

Msimu wa 2021 chuo cha Nebraska kilicheza mechi 12 za futiboli ya Kimarekani, kikapoteza 9, na katika hizo 9 hakuna hata moja ambayo mpinzani alishinda kwa tofauti ya zaidi ya pointi 9. Ukijumlisha pointi za msimu mzima, Nebraska walifunga nyingi kuliko walizofungwa. Kocha alikuwa Scott Frost, mzaliwa wa Lincoln, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa timu iliyotwaa ubingwa wa 1997, mtoto wa nyumbani kabisa. Mashabiki wakagawanyika katikati. Kundi moja likasema jamaa amekaribia, mpeni mwaka mmoja tu. La pili likajibu kwamba amekuwa akikaribia kwa miaka minne na hajafika.

Mabishano ya namna hii hurudi kila Novemba, jina la chuo ndilo hubadilika. Kwa aliyezoea soka letu yanaweza kuonekana makelele ya bure. Simba au Yanga ikimchoka kocha, Jumatatu anaagwa, wiki haijaisha mwingine ameshuka uwanja wa ndege, na ligi yenye mechi 30 inatoa nafasi ya kujirekebisha. Futiboli ya vyuo vya Marekani ina mechi 12 za msimu wa kawaida. Ukipoteza tatu mwezi Septemba, ubingwa umeshakuaga. Halafu kocha mkuu kule ndiye anayeingia sebuleni kwa mzazi wa kijana wa miaka 17 na kumwahidi kwamba atamlea mwanawe. Akiondoka, ahadi zile zinabaki bila mwenyewe.

Vyuo hutumia njia tatu: kumvumilia kocha kama alivyo, kumbakiza kwa masharti, au kumtimua. Nitazipitia zote kwa vipimo vilevile, kwa kuwa nimechoka kusikia kila upande ukichagua mfano unaoupendeza na kuuficha ule unaouchoma.

Vipimo kwanza

Kabla ya vipimo, neno moja: "anastahili". Ndilo linalowafanya mashabiki wapishane bila kukutana. Anayesema kocha anastahili muda anazungumzia alichokwisha kukifanya, alivyokipenda chuo, alivyoandamwa na majeruhi. Anayesema hastahili naye anahesabu machungu yake. Wakati huo mkurugenzi wa michezo, ambaye ndiye mwenye kalamu, ana swali jingine mezani: mechi 12 zijazo zitakuwa bora na huyu au na mwingine? Mark Richt aliachishwa kazi na Georgia mwishoni mwa 2015 akiwa na ushindi 9 na vipigo 3 msimu ule, na ushindi 145 katika miaka 15. Kwa kipimo cha kustahili, ilikuwa dhuluma. Aliyemrithi, Kirby Smart, akaleta ubingwa wa taifa wa 2021 na wa 2022. Sisemi Richt hakuonewa. Nasema maswali ni mawili, na jibu la moja halijibu la pili.

Kipimo cha kwanza ni fedha. Mikataba ya makocha wakubwa kule huwa imehakikishwa kwa sehemu kubwa: ukimwondoa kabla ya muda, unamlipa. Usiishie kwenye tarakimu inayotangazwa. Tafuta mambo mawili ndani ya mkataba: fidia inashuka tarehe gani, na je, kocha akipata kazi kwingine mshahara mpya unapunguza deni lako? Texas A&M walipomwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023 walibaki na deni la zaidi ya dola milioni 75, na mkataba wake haukuwa na kifungu cha kulipunguza hata akiajiriwa kesho yake.

Cha pili ni wachezaji. Hapa dunia imebadilika, na mashabiki wengi wazee wanabishana kwa sheria zilizokufa. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 sheria ikaondoa ukomo wa idadi ya mara za kuhama. Tangu Julai 2021 anaruhusiwa kuingiza pesa kwa jina na sura yake. Kuanzia msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Na kocha akiondoka, wachezaji wake hufunguliwa dirisha lao maalumu la kuhama.

Cha tatu, namna timu inavyoshindwa. Kufungwa kwa pointi 3 na kufungwa kwa 35 huandikwa sawa kwenye msimamo, lakini ni magonjwa tofauti. Cha nne, alichokikuta: kama aliingia kwenye nyumba inayoungua, mhesabie moto. Cha tano, atakayekuja. Hiki ndicho mashabiki hukiruka. "Yeyote atakuwa afadhali" ni maneno ya hasira, na vyuo vilivyoyaamini vipo, tutavifikia.

Njia ya kwanza: kumvumilia

Anayetetea njia hii lazima amtaje Frank Beamer. Ungekuwa ubishi wa kijiweni, angemtaja kabla kahawa haijapoa. Beamer alianza kuinoa Virginia Tech, timu aliyoichezea akiwa mwanafunzi, mwaka 1987. Misimu sita ya mwanzo ilimpa ushindi 24, vipigo 40 na sare 2. Wa sita, 1992, ulikuwa mbaya kama wa kwanza: ushindi 2, vipigo 8, sare 1. Mkurugenzi wa michezo, Dave Braine, akamwacha kazini. Mwaka uliofuata timu ikashinda 9, ikamaliza kwa kuichapa Indiana 45-20 katika Independence Bowl, mechi ya baada ya msimu, na kuanzia hapo hadi Beamer anastaafu 2015 haikukosa mechi ya aina hiyo hata mwaka mmoja. Miaka 23 mfululizo, ikiwemo fainali ya ubingwa wa taifa ya msimu wa 1999 waliyopoteza kwa Florida State.

Hadithi nzuri, na ni ya kweli. Ila wanaoisimulia hukata vipande viwili. Beamer alikuta chuo kikiwa chini ya adhabu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliyopunguza idadi ya wachezaji ambao angeweza kuwapa ufadhili, kwa hiyo miaka yake ya mwanzo alikuwa anapigana akiwa amefungwa mkono mmoja. Na baada ya 1992 benchi lake la wasaidizi lilibadilishwa. Yaani hata mtume wa uvumilivu hakuvumiliwa kavukavu.

Fedha: hakuna hundi ya fidia, na hilo humvutia kila mhasibu. Gharama huja kwa mlango wa nyuma, kupitia viti vitupu na wafadhili wanaoacha kupokea simu. Kila uwanja una ishara yake. Memorial Stadium ya Lincoln, uwanja wa Nebraska, imeuza tiketi zote za kila mechi tangu 1962, hivyo huko usisubiri viti vikueleze kitu, sikiliza kimya cha wafadhili.

Wachezaji: vijana waliokwisha kuahidi wanabaki na ahadi yao, na wale wa mwaka wa kwanza wanakua chini ya mfumo mmoja. Hii ndiyo faida halisi ya subira. Lakini enzi za Beamer mchezaji aliyechoka hakuwa na pa kwenda kirahisi. Leo chuo kikimvumilia kocha, bado kuna wachezaji zaidi ya mia ambao nao lazima wamvumilie, na kila mmoja ana simu mfukoni yenye ofa.

Uwanjani: Florida ni somo la karibu. Kocha Billy Napier alipata 6-7 (ushindi 6, vipigo 7) mwaka 2022 na 5-7 mwaka 2023. Novemba 2024, timu ikiwa 4-4, mkurugenzi wa michezo Scott Stricklin akatangaza kwamba kocha anabaki. Wiki hiyohiyo wakapigwa na Texas 49-17. Kisha wakashinda nne mfululizo, LSU na Ole Miss wakiwamo, wakamaliza 8-5, na waliotetea subira wakatembea vifua mbele majira yote ya joto. Oktoba 2025 kibarua kikaota nyasi. Hesabu ya mwisho: ushindi 22, vipigo 23.

Mike Norvell wa Florida State anachanganya zaidi. Alianza na 3-6, kisha 5-7, na Septemba 2021 alifungwa nyumbani na Jacksonville State, chuo cha daraja la chini, kwa pasi ya mchezo wa mwisho. Walioomba aondoke walikuwa na kila sababu. Akaachwa, akaja na 10-3, halafu 13-1 na ubingwa wa ligi ya ACC. Mwaka uliofuata, 2024, alishinda mechi 2 akapoteza 10. Je, subira ya 2021 ililipa? Inategemea ulisimamisha saa mwaka gani.

Atakayekuja: swali haliulizwi, na kwa chuo kisicho na mvuto mkubwa hilo ni jambo la heri.

Inamfaa nani? Chuo ambacho kocha wake yuko mwaka wa pili au wa tatu, aliyekuta adhabu au kikosi kilichotawanyika, na ambacho wachezaji wake bora bado ni wadogo na hawajaanza kufunga mizigo. Ukiona vipigo vinapungua ukali, mechi za Novemba zinakaribia ushindi kuliko zile za Septemba, subira ina kitu cha kushika. Pasipo hayo, ni uvivu uliovaa kanzu ya busara.

Njia ya pili: kumbakiza kwa masharti

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa sababu dawa moja ilitolewa kwa wagonjwa wawili katika mwaka mmoja, na matokeo yakawa mbingu na ardhi.

Januari 2021, Jim Harbaugh wa Michigan alikuwa ametoka kwenye msimu wa janga la korona akiwa na ushindi 2 na vipigo 4. Alikuwa hajawahi kuifunga Ohio State, watani wao wa jadi, na kwa Michigan kushindwa kuifunga Ohio State ni kama kutoonja kachumbari kwenye pilau la Idi: mengine yote hayana ladha. Chuo kikamwandikia mkataba mpya wenye mshahara uliokatwa karibu nusu, kutoka takribani dola milioni 8 hadi 4, na marupurupu mengi yakategemea kushinda. Akabadilisha wasaidizi. Safu ya ulinzi akamkabidhi Mike Macdonald, kijana aliyetoka kwa John, kaka yake Harbaugh, aliyekuwa akiinoa timu ya kulipwa ya Baltimore Ravens.

Novemba 2021, Nebraska wakampa Frost karibu dawa ileile. Mshahara ukashuka kutoka dola milioni 5 hadi 4. Fidia ikapangwa ishuke kutoka milioni 15 hadi 7.5 ikifika Oktoba 1, 2022. Wasaidizi wanne wa safu ya mashambulizi wakafukuzwa, akaletwa mkongwe Mark Whipple kuongoza mashambulizi.

Harbaugh akawapiga Ohio State 42-27 mwezi uleule wa Novemba 2021, akatwaa ligi ya Big Ten, na msimu wa 2023 akamaliza 15-0 akiwa bingwa wa taifa. (Kweli, njiani kulikuwa na kashfa ya kuiba ishara za wapinzani iliyokuja kukiletea chuo adhabu za NCAA. Mashabiki wa Ohio State wasinitumie salamu, nimeitaja.) Frost naye alifungua msimu wa 2022 Dublin, Ireland, dhidi ya Northwestern. Akiwa mbele 28-17 katika robo ya tatu, akaamuru mkwaju mfupi wa kamari, ule unaopigwa kwa matumaini kwamba timu yako itauwahi mpira yenyewe. Northwestern wakaudaka, wakafunga, wakashinda 31-28. Wiki mbili baadaye Nebraska wakafungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42, na kesho yake, Septemba 11, Frost akatimuliwa. Rekodi yake ilikuwa ushindi 16, vipigo 31.

Tofauti ilikuwa nini? Nimelifikiria sana hili. Harbaugh alikuwa ameshashinda mechi 10 katika misimu mitatu kati ya minne yake ya kwanza pale Michigan. Kulikuwa na kitu cha kurudia. Frost hakuwahi kumaliza hata msimu mmoja Nebraska akiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Lakini kubwa zaidi ni mahali ugonjwa ulipokaa. Michigan ilikuwa na ulinzi uliochoka, na ulinzi ni kazi ya msaidizi. Ukimbadilisha msaidizi, unabadilisha kazi yenyewe. Nebraska ilikuwa inapoteza mechi za mwishomwisho: katika michezo iliyoamuliwa kwa pointi 8 au chini, Frost alishinda 5 akapoteza 22. Lini upige mkwaju wa hatari, lini uchezee saa, lini utulize vijana, hayo yanakaa mkononi mwa kocha mkuu peke yake. Waliofukuzwa walikuwa wanne, na aliyeamuru mkwaju wa Dublin hakuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo zile pointi chache za 2021 zilizowapa watetezi matumaini ndizo zilizokuwa dalili. Timu ilikuwa na uwezo wa kutosha kukaribia kila mechi. Kilichokosekana ni kile ambacho masharti hayakukigusa.

Fedha: hii ndiyo njia inayompa mkurugenzi wa michezo raha ya kulala. Ananunua mwaka mmoja na wakati huohuo anapunguza bei ya mlango wa kutokea. Kwa kocha, kukubali kukatwa mshahara ni kukiri hadharani, na kukiri huko hupunguza joto la mashabiki kwa miezi kadhaa.

Wachezaji: mchanganyiko. Kocha mkuu anabaki, lakini mara nyingi kijana alisajiliwa na msaidizi wa nafasi yake, ndiye aliyemtumia ujumbe kila Jumapili tangu akiwa kidato cha pili. Ukimfukuza msaidizi huyo, usishangae kijana akiondoka ilhali kocha yupo.

Uwanjani: mfano wa kutia moyo ni Clemson. Dabo Swinney alimaliza 6-7 mwaka 2010 na chuo kikamwacha, lakini akambadilisha msaidizi wa mashambulizi. Mwaka uliofuata akatwaa ACC, kisha akapigwa 70-33 na West Virginia katika Orange Bowl, akambadilisha na wa ulinzi na kumleta Brent Venables. Ubingwa wa taifa ukaja msimu wa 2016 na tena wa 2018. Msaidizi wa mashambulizi aliyetolewa kafara baada ya 2010, kwa taarifa yako, alikuwa Billy Napier, huyuhuyu wa Florida.

Atakayekuja: hapa pana mtego. Msaidizi mwenye jina hataki kuhamisha familia kwenda kufanya kazi chini ya bosi mwenye mwaka mmoja. Unaweza kujikuta umefukuza wanne wazuri ukapata wanne waliokosa pengine.

Inamfaa nani? Chuo chenye kocha aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza kushinda palepale alipo, na ambacho tatizo lake lina jina na cheo: ulinzi, mashambulizi, usajili. Kama ukiulizwa "nini kibovu?" jibu lako ni "kila kitu kidogokidogo", masharti yatakuwa plasta juu ya mfupa uliovunjika.

Njia ya tatu: kumtimua

Indiana ndiyo hoja ya wapenda mabadiliko siku hizi. Tom Allen alipendwa, alikuwa na msimu mzuri sana wa 2020 wa ushindi 6 na vipigo 2, kisha ikawa 2-10, 4-8 na 3-9. Novemba 26, 2023, kesho yake ya mechi ya mwisho, akaondolewa kwa fidia ya dola milioni 15.5. Siku nne baadaye akatangazwa Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, akaja na wachezaji zaidi ya kumi kutoka kule. Msimu wake wa kwanza alishinda 11 na kuingia mtoano wa ubingwa wa taifa wa timu 12. Chuo ambacho kwa miongo kilijulikana kwa mpira wa kikapu.

Halafu iko Auburn. Desemba 2020 ilimtimua Gus Malzahn, mwenye ushindi 68 na vipigo 35, kwa fidia ya dola milioni 21.45. Akaja Bryan Harsin, akatimuliwa Oktoba 31, 2022. Akaja Hugh Freeze, akatimuliwa Novemba 2025. Ukizijumlisha fidia tatu, unavuka dola milioni 50 ndani ya miaka mitano, na katika muda huo hakuna aliyerudisha hata zile Jumamosi za kawaida za Malzahn. Hawa ndio walioamini kwamba yeyote atakuwa afadhali.

Fedha: ghali, tena kuliko inavyotangazwa, maana unalipa kocha anayeondoka, kocha anayekuja, wasaidizi wa wote wawili, na mara nyingine unakilipa chuo unakomnyakua mpya. Afueni iko kwenye kifungu cha kupunguza deni. James Franklin alipoondolewa Penn State Oktoba 2025, fidia iliyotajwa ilikuwa karibu dola milioni 49. Ilipungua sana alipopata kazi Virginia Tech mwezi uliofuata.

Wachezaji: zamani hili lilikuwa pigo kuu la njia hii. Sasa ni upanga wa pande zote mbili. Dirisha linalowaruhusu wako kuondoka ndilo linalomruhusu kocha mpya kuingiza kikosi kizima kwa majira ya baridi moja, kama Cignetti alivyofanya. Ila inahitaji pesa ya kuwalipa hao wapya, na chuo kilichomaliza akiba kwenye fidia kinafika dukani mifuko mitupu.

Uwanjani, lini? Katikati ya msimu au mwishoni? Ukimtimua Septemba unapata miezi ya kutafuta. Virginia Tech, chuo kilekile kilichomsubiri Beamer miaka sita, kilimwondoa Brent Pry Septemba 2025 baada ya kuanza 0-3, na kufikia Novemba kilikuwa na Franklin mkononi. Penn State kwa upande wao walimwondoa Franklin Oktoba 12, na vijana walipoanza kusaini kujiunga na vyuo Desemba 3 walikuwa bado hawajatangaza mrithi. Wengi waliokuwa wameahidi wakawa wameshakwenda, baadhi wakimfuata Franklin huko Virginia. Kwa hiyo kuwahi peke yake si dawa. Dawa ni kuwahi ukiwa unajua unakwenda kubisha mlango wa nani.

Atakayekuja: Texas A&M walilipa fedha za kutisha kumwondoa Fisher, na mrithi wake, Mike Elko, akashinda mechi 11 za kwanza za msimu wa 2025. Georgia walipata Smart. Auburn walipata Auburn. Kabla hujashangilia tangazo la kufukuzwa, taja majina matatu ya watu wanaoweza kuja na ambao wangekubali. Ukikwama kwenye la pili, nyamaza kidogo.

Inamfaa nani? Chuo ambacho wachezaji wameshaacha kumsikiliza kocha, vipigo vinaongezeka ukali, na kuna mtu mahususi anayelengwa. Pia chuo kilichofika dari. Franklin mwenyewe aliokolewa na subira mwaka 2016: alianza 2-2, kikiwemo kipigo cha 49-10 kutoka kwa Michigan, mashabiki wakataka kichwa chake, akamaliza bingwa wa Big Ten. Miaka tisa baadaye, chini ya mwaka mmoja tangu afike nusu fainali ya taifa, chuo kikaamua dari imefikiwa. Maamuzi yote mawili yalikuwa na mantiki siku yalipofanywa.

Hali yako ni ipi?

Ikiwa kocha wako yuko mwaka wa pili, alikuta adhabu au kikosi kitupu, na wadogo wake wanacheza vizuri zaidi mwezi baada ya mwezi, mwache. Mwambie mwenzako anayepiga kelele asubiri Januari aone wangapi wamehama. Hiyo ndiyo kura ya kweli.

Ikiwa ameshawahi kushinda hapohapo na shida imekaa upande mmoja wa uwanja, mbane. Dai msaidizi mpya mwenye jina, dai fidia ishuke, na dai hayo yafanyike kabla ya Krismasi, kwa sababu Januari wasaidizi wazuri wameshachukuliwa.

Ikiwa timu inapoteza mechi za karibu mwaka nenda mwaka rudi, rudia video za dakika tano za mwisho na uhesabu makosa ya nani ni yapi. Kijana akidondosha mpira, huyo atakua. Kocha akiita muda wa mapumziko usiokuwepo, akipiga kamari akiwa mbele kwa pointi 11, huyo hana msaidizi wa kumfukuzia.

Ikiwa chuo chako ni kidogo na hazina ni nyembamba, tofauti kati ya kubana na kutimua inaweza kuwa tarehe tu. Nebraska wangengoja wiki tatu kutoka Septemba 11, 2022, wangelipa milioni 7.5 badala ya 15. Hawakungoja, na wengi waliona ni wazimu. Mimi naona ilitegemea kilichokuwa kinatokea chumba cha kubadilishia nguo, na hicho shabiki wa jukwaani hakioni. Kama wewe ndiye mkurugenzi na chumba kimetulia, ngoja Oktoba ifike. Kama wakubwa wa timu wameshaanza kuja ofisini kwako mmoja mmoja na kufunga mlango nyuma yao, andika hundi.